Kibanda cha gemu kinasemwa, simu imeachiwa

Fainali ya Kombe la Dunia 2018: Antoine Griezmann wa Ufaransa anafunga penalti, anaweka vidole kwenye paji la uso na kurusha miguu huku na huku. Mtindo ule wa kucheza aliutoa kwenye gemu ya Fortnite. Muda si muda ukaonekana kwenye viwanja vya mchanga hapa Unguja, ukichezwa na watoto ambao Fortnite yenyewe hawajapata kuishika. Gemu siku hizi inamfikia hata asiyecheza, na kwa hiyo ubishi wetu wa mitaani, kama ni upotevu wa muda au ni burudani tu ya vijana, umekuwa mdogo kuliko jambo lenyewe.

Wanaolaumu wana hoja, tusiwabeze. Saa kumi alasiri, wakati mtoto anatakiwa awe kwenye chuo cha Kurani na juzuu yake, yuko kibandani anasubiri zamu. Pesa aliyopewa ale skuli inaishia kwa mwenye kibanda. Wakubwa kidogo huwekeana, anayefungwa anatoa kitu, na hiyo ni kamari, hapana haja ya kuzungukazunguka. Shirika la Afya Duniani nalo lilipitisha mwaka 2019 orodha ya maradhi ambamo uraibu wa gemu umo. Ila masharti yake ni mazito: mchezo uwe umemharibia mtu maisha, na kwa kawaida kwa muda usiopungua miezi 12. Mtoto anayechelewa chuoni hajafika huko. Huyo anamhitaji mzazi, si daktari.

Lakini ingia kibandani utazame. Televisheni moja, pedi mbili ambazo vijiti vyake vimeshalika mpira, na watoto wanane juu ya benchi la watu watano. Aliyefungwa anainuka, mshindi anabaki. Ndiyo sheria ya keram, ndiyo sheria ya dhumna, na matani ni yale yale. Mwenye kibanda anajua kila mtoto ni wa nani. Mama akipita akiuliza kama mwanawe yumo, anajibiwa. Hiyo ni baraza, tupende tusipende. Kiwekewe saa, kifungwe wakati wa chuo na wa sala, na anayechezesha kwa pesa achukuliwe hatua. Kukipiga marufuku kabisa sioni kutaleta nini, maana mtoto hataacha gemu, atahamia kwenye simu.

Na simu ndiyo inayonitia wasiwasi. Free Fire, gemu ya kupigana risasi iliyotoka 2017, haihitaji simu ya gharama, na mtoto akijifungia nayo chumbani nyumba nzima inatulia, mzazi akashukuru. Kumbe humo ndani mna biashara. Chukua gemu ya mpira ya kampuni ya EA, ile iliyokuwa ikiitwa FIFA mpaka 2023. Ina pakiti za wachezaji ambazo mtu hununua kwa pesa halisi bila kujua nani yumo: pengine Mbappé, pengine beki wa akiba usiyemjua jina. Mwaka 2018 Ubelgiji ilisema mtindo huo ni kamari, na mwanzoni mwa 2019 EA ikaacha kuuza huko pointi za kununulia pakiti hizo. Uholanzi nayo iliipiga kampuni hiyo faini ya euro milioni 10, lakini mwaka 2022 mahakama ya juu ya utawala ikaifuta, ikasema pakiti si mchezo unaosimama peke yake bali ni sehemu ya gemu. Wanasheria wana sababu zao za kutofautiana. Mimi naona kulipa pesa kwa kitu usichokijua, kwa matumaini ya bahati, hapa kwetu kuna jina lake na hukumu yake tangu zamani. Tunawafukuza watoto kibandani kwa kuwekeana mia tano, kisha tunawanunulia simu yenye kasino ndani.

Ipo hoja nyingine, ya utamaduni. Wanaoitetea gemu husema Zanzibar haijapata kuogopa cha kuja. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash alimpeleka mtu Misri akajifunze kupiga kanuni, ile ala ya nyuzi, na kufika 1905 kulishakuwa na kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa. Jaws Corner, baraza ya wanywa kahawa wa Mji Mkongwe, imepewa jina la filamu ya papa. Ni kweli, lakini kanuni ilikuja mikononi mwetu, tukaitilia maneno yetu. Gemu inakuja imeshafungwa. CAF, shirikisho la soka la Afrika, ilitupa uanachama Machi 2017, ikatunyang'anya Julai, na kwenye shirikisho la dunia, FIFA, hatumo, kwa hiyo kijana wa Kikwajuni akitaka timu ya taifa ya kuchezea gemu, Zanzibar Heroes hawaioni. Anachukua Brazil.

Kiswahili kimepata kuingia kwa kishindo mara moja. Mmarekani Christopher Tin alitunga Baba Yetu kwa ajili ya gemu ya Civilization IV ya 2005, na mwaka 2011 ukawa wimbo wa kwanza wa gemu kushinda Grammy. Lugha yetu iliuzika vizuri sana. Tuzo ilikwenda kwa aliyekuwa na gemu ya kuutilia.

Watu watasema kutengeneza gemu ni kazi ya makampuni makubwa. Si lazima. Gemu ya Stardew Valley ya 2016 aliitengeneza mtu mmoja, Eric Barone, kwa zaidi ya miaka minne, ikauzwa dunia nzima. SUZA, chuo kikuu chetu cha taifa, inafundisha kompyuta, na skuli ya muziki ya Dhow Countries Music Academy inafundisha kanuni na udi, zote hapa hapa Unguja. Hata mchezo wa kuanzia upo: bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na ugumu wake unamtoa jasho mtu mzima. Wenye shaka watauliza nani atacheza bao kwenye simu na Mbappé yupo pembeni. Wengi hawatacheza, hapo nakubaliana nao. Lakini bao la simu halihitaji kumshinda Mbappé. Linahitaji wachezaji wa kutosha kumlipa kijana aliyelitengeneza, ili aweze kutengeneza na la pili.