Swichi ya Amplifaya ya Baba

Amplifaya aliyoniachia marehemu baba ni Pioneer ya miaka ya 1970, yenye uso wa rangi ya fedha na uzito unaomlazimu mtu mzima kuvuta pumzi kabla ya kuinyanyua. Haikuwahi kunisumbua hadi siku kitufe chake cha kuwashia kilipozama ndani na kukataa kutoka, kama kobe aliyesikia hatua za watoto. Niliifungua swichi, nikakuta ncha zake za kugusanisha umeme zimeungua na kuwa nyeusi tii, jambo lisilostaajabisha kwa kifaa kilichorusha cheche kila jioni kwa zaidi ya miaka 40. Ubavuni iliandikwa TV-5. Mimi, kwa kujiamini kwa mtu aliyewahi kubadilisha fyuzi mara mbili maishani mwake, nikaamua kwamba hiyo ni namba tu ya kiwandani.

Niliitia mfukoni, nikaenda Kariakoo. Duka la kwanza nilionyeshwa swichi ya feni, la pili swichi ya taa ya mezani, na katika la tatu muuzaji aliigeuza-geuza, akawaita wenzake waje kuitazama, kisha akaniuliza kama naiuza. Jioni, pembeni mwa Mtaa wa Msimbazi, kijana mmoja alichakura ndani ya ndoo, akanitolea swichi iliyofanana na yangu kama shilingi kwa ya pili. Nililipa bila hata kupatana bei, nikarudi nyumbani, nikailehemu kwa mikono yangu.

Siku hiyohiyo tulikuwa na chakula cha kumpongeza mpwa wangu aliyehitimu chuo. Mbele ya wageni niliweka santuri ya muziki wa dansi, nikabonyeza, na spika zikaitika. Nikaondoa kidole, zikanyamaza. Swichi ile ilikuwa ya namna ya kengele ya mlangoni, ambayo hupitisha umeme pale tu inapobanwa. Kwa kuwa wazee walikwisha kusimama kucheza, nilimkalisha mwanangu wa miaka tisa kando ya amplifaya, nikamwahidi soda mbili, naye akaibana. Kila alipoifikia sahani yake ya pilau muziki ulikatika. Alipopiga chafya, wazee watatu waliganda mguu mmoja ukiwa juu, kisha spika zikatoa kishindo, muziki ukaendelea, nao wakautua mguu kwa pamoja. Mjomba aliniuliza, bila kejeli yoyote, kama huo ndio mtindo wa siku hizi.

Safari ya pili nilikuwa mjanja zaidi: niliijaribu swichi dukani kwa sikio, nikahakikisha kwamba ukibonyeza mara ya kwanza inajifunga, na mara ya pili inaruka nje. Ilifanya kazi kwa siku tatu. Usiku wa nne nilibonyeza ili nikalale, ikalia tiki, na muziki ukaendelea. Nikabonyeza tena, tiki, ukaendelea. Ilinibidi kuchomoa waya ukutani, huku mke wangu akisema kwamba sasa nimepata amplifaya yenye msimamo.

Ndipo nilipokwenda kwa fundi, kama nilivyopaswa kufanya tangu mwanzo. Alinieleza kwamba amplifaya ya namna ile ina transfoma kubwa na kapasita zilizo tupu, ambazo zikiwashwa hufyonza umeme kwa pupa kwa muda mfupi sana, na swichi ndogo ikipitiwa na msukumo huo ncha zake huyeyuka na kushikana. TV-5 kumbe ni kipimo, maana yake swichi inabeba ampea 5 kwa kawaida na kustahimili msukumo wa ampea 78 wakati wa kuwasha.

“Na hilo neno TV, kaka, halikuandikwa kwa bahati mbaya,” akasema. “Tafuta TV ya chogo iliyokufa. Zile ndizo zina swichi za nguvu namna hii.”

Mama mkwe wangu, anayekaa mitaa miwili kutoka kwetu, alikuwa amesafiri kwenda Tanga msibani, na ufunguo tulikuwa nao sisi. Sebuleni kwake palikuwa na TV ya chogo iliyofunikwa kitambaa cha kudarizi na kuwekwa chombo cha maua ya plastiki. Kwa kuwa matangazo ya analojia yalizimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, niliichukulia kuwa ni meza. Nilimleta fundi aitoe swichi yeye mwenyewe, maana bomba la picha huweza kuhifadhi umeme mkali hata baada ya waya kuchomolewa, nami ujasiri ulikuwa umeniishia. Swichi ilikaa kwenye amplifaya ya baba kana kwamba ilizaliwa humo.

Nyuma ya maua sikutazama. King'amuzi kilikuwa huko.

“Baba Asha,” mama alinipigia simu jioni aliyorejea, kwa sauti ya upole iliyonitisha kuliko ukali, “jirani ananiambia ulikuja na fundi kunitengenezea TV. Mbona sasa haiwaki?”

Tangu hapo kila Jumamosi nazunguka Kariakoo nikitafuta swichi ya TV. Mama naye hufika kwetu kila siku kabla ya saa mbili usiku kutazama taarifa ya habari, na akikuta santuri inazunguka hasemi neno. Huinyooshea amplifaya kidole kimoja, akabonyeza, nayo huzimika barabara.