Anayefika Kwanza si Ambulensi

Nilipokuwa nikitafuta leseni ya udereva mjini Kisumu, sehemu kubwa ya mtihani wangu ilikuwa kusukuma kigari cha kuchezea juu ya ubao uliochorwa barabara na mzunguko. Miaka kadhaa baadaye, nikiwa Dortmund, Ujerumani, nililazimika kuanza upya, na huku mtu hapewi leseni bila cheti cha mafunzo ya huduma ya kwanza: vipindi 9 vya dakika 45 kila kimoja. Nilikwenda nikinung'unikia ada na Jumamosi yangu iliyopotea. Nilirudi viganja vikiniuma, kwa kuwa tulikuwa tumeshinda tukibana kifua cha sanamu ya mpira kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na mwalimu hakumwacha aliyelegea apumzike.

Tangu siku hiyo nina maoni ambayo Wakenya wenzangu wa huku hawayafurahii sana. Tukikutana, sifa zote huenda kwa helikopta za uokoaji, kwa daktari anayefika kwenye ajali na gari lake la dharura, na kwa madereva wanaojisogeza kando pindi msongamano unapoanza, ili katikati pabaki njia hata kabla ya king'ora kusikika. Yote hayo ni kweli, na yanapendeza. Lakini mimi sioni kwamba hapo ndipo tulipoachwa nyuma zaidi. Moyo ukisimama, ubongo huanza kuharibika baada ya dakika chache tu, nne au tano hivi, na hakuna nchi yenye uwezo wa kuweka ambulensi kila kona. Dakika hizo ni za jirani, abiria na mpita njia. Wajerumani wameliweka jambo hilo hata katika sheria ya jinai, ambapo anayeweza kusaidia bila kujihatarisha naye akakataa anaweza kufungwa hadi mwaka mmoja au kutozwa faini.

Wapita njia sisi tunao tele. Nilipokuwa likizoni, matatu iligonga pikipiki karibu na Maseno, kwenye barabara ya Busia, na kabla sijavuka barabara watu zaidi ya 20 walikuwa wameshamzunguka majeruhi. (Katika jengo ninaloishi Dortmund, sidhani wangetoka watatu.) Vijana wa bodaboda walimbeba kwa mikono na miguu, mguu mmoja ukiwa umevunjika juu ya goti, wakamkunja kwenye kiti cha nyuma cha Probox kama gunia la mahindi. Ambulensi ilikuwa imepigiwa simu, ila aliyepokea alitaka kujua kwanza nani atalipia mafuta. Aliyemfaa kijana yule ni mama muuza parachichi, ambaye alifungua leso yake, akaikunja, akaikandamiza kwenye jeraha la paja kwa uzito wake wote huku mtu akimkemea kwamba anamwumiza mtoto wa watu. Aliingia naye garini bila kuondoa mkono. Aliporudi jioni kuchukua bidhaa zake nilimuuliza alijifunza wapi, akanijibu kwa kifupi kwamba ni semina ya kanisani.

Kifungu cha 43 cha Katiba yetu ya 2010 kinasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura, lakini haki hiyo tumeizoea kama kitu kinachoanzia kwenye lango la hospitali. Tarehe 30 Juni 2023, lori lilipoacha njia pale Londiani na kuua watu 52, palikuwa mahali pa biashara na steji ya magari. Waliokuwa karibu zaidi na majeruhi walikuwa wachuuzi na wanabodaboda wenzao. Hao ndio ningependa wafunzwe kabla hatujanunua ambulensi nyingine, na leseni ya bodaboda ndiyo ningeanza nayo. Tena polisi waache kumgeuza aliyeleta majeruhi kuwa mshukiwa, maana wengi hukimbia kwa kuogopa kuandikisha taarifa wala si kwa ukatili.

Desemba hii ninakuja na masanduku mawili ya huduma ya kwanza kwa ajili ya steji ya kwetu. Mwenyekiti wa steji ameshaniuliza kwa simu bandeji zikiisha zitajazwa na nani, nami bado sijampa jibu.