Nani alipie kisichookotwa?

Baada ya mvua kubwa Nairobi, tazama kilichoziba mtaro. Chupa za maji hazikosekani, ila waokotaji wamekwisha kuzipunguza, maana plastiki ile huuzwa kwa kilo. Kilichosalia kwa wingi ni vifuko vya sabuni ya unga, karatasi za biskuti na nepi. Havina mnunuzi, kwa hiyo haviinamiwi na mtu.

Mtaro huo ndio ninaoupimia utaratibu mpya wa Kenya. Sheria ya taka ya 2022, pamoja na kanuni zake za 2024, inamtaka anayetengeneza au kuingiza bidhaa nchini aendelee kuwajibika hata ikishakuwa taka, ama kwa mpango wake mwenyewe ama kupitia shirika la pamoja analolichangia. Wazo lenyewe si geni: Ujerumani iliwabebesha wenye viwanda mzigo wa vifungashio tangu 1991.

Wenye viwanda husema, "Si sisi tuliotupa." Wana haki kiasi. Wakazi wengi humlipa mzoaji kila mwezi, kaunti nayo ina wajibu wake, lakini jaa la Dandora lililotangazwa kujaa mwaka 2001 lingali linapokea malori. Isitoshe, anayebanwa ni yule aliyesajiliwa. Anayepakia juisi uani bila lebo nani atamfikia? Kisha kuna bei, na hapa ndipo ninapositasita. Kifuko cha shilingi chache humwezesha mama kufua leo bila kungoja mwisho wa mwezi. Ada ikipanda juu ya kifuko hicho, itamshukia yeye kwanza.

Ila wakisema haiwezekani, hapo tunaachana. Aliyekua na soda za chupa ya kioo anakumbuka: ukienda dukani mikono mitupu unaacha hela ya chupa, ukiirudisha unapewa yako. Lori lililoleta kreti zilizojaa ndilo lililoondoka na tupu. Wenye viwanda waliifanya kazi hiyo miaka mingi kwa sababu chupa ilikuwa mali yao. Plastiki ilipoingia, gharama ya kuirudisha haikutoweka. Ilihamia kwa kaunti, kwa mwokotaji na kwenye mtaro.

Tusichanganye jambo hili na ile ada ya mazingira iliyokuwa katika Mswada wa Fedha wa 2024, ambayo iligusa hata nepi na ikaanguka pamoja na mswada mwezi Juni, baada ya maandamano. Ile ilikuwa kodi. Fedha zikishaingia hazina kuu, hakuna anayeweza kuonyesha ni gunia gani la taka zililoliondoa Dandora.

Hata michango ya mashirika ya pamoja ina mtego wake. Ni rahisi kuitumia kukusanya chupa, ambazo tayari zina soko, kisha kuzihesabu kama ushindi. Chupa zingeokotwa hata hivyo. Mimi ningetoza kidogo kwenye chupa na zaidi kwenye kifuko cha matabaka yaliyogandamana, kisichoyeyushika kwa urahisi, kisha mwokotaji alipwe kwa kila kilo ya vifuko anayoileta. Mama wa sabuni je? Apimiwe dukani kwa chombo chake, kama anavyopimiwa mafuta ya taa. Muuza duka anaijua kazi hiyo. Kinachokosekana ni mtengeneza sabuni kumletea pipa badala ya katoni ya vifuko.