Kiingereza Chenye Tarehe ya Mwisho

Mwenzangu niliyesoma naye ufamasia Makerere anataka kwenda kufanya kazi Uingereza. Tulifundishwa kwa Kiingereza, mitihani tukaifanya kwa Kiingereza, na shuleni kabla ya hapo ukinong'ona Kiluganda darasani unaadhibiwa. Sasa baraza la wafamasia la kule linataka athibitishe kwamba lugha hiyo anaijua: IELTS ya kitaaluma, alama 7 katika kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, au OET, mtihani wa Kiingereza wa wahudumu wa afya, daraja B katika kila sehemu. Matokeo yakifikisha miaka 2, yamechacha.

"Kama sirapu ya kikohozi," akaniambia. "Kiingereza changu nacho kina tarehe ya mwisho."

Nilicheka, ila simuungi mkono. Ada inauma, sikatai. Lakini hebu itazame hiyo OET. Kwenye kuzungumza unapewa kadi, unakuwa mfamasia kazini, na mtu mwingine anakuwa mgonjwa au ndugu wa mgonjwa, dakika kama 5, kisha mnaanza kisa kingine. Wanapima kama ulimsikiliza, kama ulimweleza kwa maneno ya kawaida. Hawaulizi tu kama unajua Kiingereza. Wanauliza kama mgonjwa atatoka pale ameelewa.

Mimi swali hilo sijawahi kuulizwa hapa Uganda. Katiba imekitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili tangu 2005, lakini kwenye dirisha langu la dawa kila mtu anajitafutia njia.

Jioni moja, Katwe, hapa Kampala, alikuja mama wa Kikongo amebeba mtoto mwenye homa. "Dokta, asubuhi nilimupa kinini." Kiswahili ninakijua, nimezaliwa Busia, lakini nilichosikia ni kwinini, ile dawa nyingine ya malaria, na cheti mkononi kiliandikwa dawa ya mseto ya malaria. Nikaanza kumhoji: kwinini gani, kiasi gani, nani alikuandikia? Naye akazidi kuogopa. Aliyetuokoa ni kijana wa boda aliyekuwa akingoja chenji yake: kwao Wakongo kinini ni kidonge chochote kile. Mtoto alikuwa amepewa panadoli.

Hapo ni mimi ninayekijua Kiswahili. Wenzangu wasiokijua huandika 1×2 kwenye bahasha na kuonyesha vidole. Sasa jaribu kueleza dawa ya mseto kwa vidole: mtu mzima vidonge 4, mara 2 kwa siku, siku 3, dozi ya pili masaa 8 baada ya ile ya kwanza, na afadhali ameze pamoja na chakula chenye mafuta. Utafika kwenye mafuta kweli?

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: kabla ya mtu kupewa leseni hapa kwetu, akalishwe mbele ya "mgonjwa" dakika 5. Lugha itegemee anakokwenda kufanya kazi: Kiswahili, Kiluganda, Kiacholi, Kinyankole. Sarufi tusiigombanie, mgonjwa arudie tu kwa maneno yake jinsi atakavyomeza dawa.

Juzi mwenzangu aliniomba niwe mgonjwa wake wa mazoezi. Nikakaa, nikajishika kichwa, nikamwambia, "Dokta, nilikunywa kinini lakini homa haijashuka." Akaniangalia, akaangalia kadi yake, akasema turudi kwenye Kiingereza, mtihani uko karibu.