Mdundo Usio na Mwimbaji Haujapungukiwa na Kitu

Hivi karibuni mtayarishaji mmoja wa kujitegemea, ambaye kazi zake nimezifuatilia kwa muda mrefu, alikataliwa kwenye shindano la muziki kwa maelezo ya sentensi moja: wimbo haujakamilika, hauna mwimbaji. Kazi hiyo nimeisikiliza mara nyingi. Besi inatangulia, matoazi yanaifuata kwa uvivu wa makusudi, na katikati ngoma zote zinanyamaza ili kinanda kibaki peke yake kabla ya mdundo kurudi kwa nguvu. Sijaona kilichopungua, na uamuzi huo umeniudhi sana.

Waliouamua wamesahau hip hop ilianzia wapi. Katika miaka ya 1970 huko Bronx, New York, DJ Kool Herc aliona kwamba wachezaji walikuwa wakisubiri ile sehemu fupi ya santuri ambapo sauti ya mwimbaji hukoma na ngoma huachiwa uwanja, akachukua nakala mbili za santuri ileile na kuirudia sehemu hiyo mfululizo, akihama kutoka sahani moja hadi nyingine, ili wachezaji wasikatizwe. Muziki huu, basi, ulichotwa palepale ambapo hakuna aliyeimba. Sehemu nyingi za namna hiyo zilitoka kwenye fanki, mtindo wa muziki wa dansi wa Wamarekani weusi, ambao hutia uzito kwenye pigo la kwanza na kuvifanya hata gita na tarumbeta vifanye kazi ya ngoma. Mashairi yalikuja baadaye, yakakaa juu ya msingi uliokwisha kusimama. Leo mtu akiusimamisha msingi huo peke yake, kwa uangalifu wote, anaambiwa hajamaliza!

Tumchukue J Dilla, mtayarishaji wa hip hop wa Detroit, Marekani. Albamu yake Donuts, iliyotoka tarehe 7 Februari 2006, siku tatu kabla ya kifo chake, ina vipande 31, vingi vikiwa vya dakika moja na ushei, na hakuna mchanaji (rapa) aliyealikwa kuvikamilisha. Mashine za ngoma zina uwezo wa kusawazisha kila pigo likae mahali pake barabara, lakini yeye aliyasogeza mapigo kwa kiasi kidogo mno, ngoma ndogo ikiwahi kidogo na nyingine ikichelewa, hata msikilizaji akahisi mdundo unayumba bila kuanguka. Wapiga ngoma wa jukwaani wamejifunza kuiga myumbo huo kwa mikono yao. Sauti za waimbaji wa zamani alizikata vipande vidogo akazifanya ala, na huzuni iliyomo humo haihitaji beti za kuifafanua.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba wapo wanaorudia kipande kimoja kwa dakika tatu bila kubadilisha chochote na kukiita kazi. Hao wana kosa la uvivu, na uvivu huohuo tunaukuta kwa waimbaji kila siku bila mtu kudai kwamba uimbaji wenyewe ni sanaa pungufu.

Kuhusu malipo nitasema machache: tangu 2024 Spotify, huduma ya kusikiliza muziki mtandaoni, haiulipi wimbo ambao haujafikisha usikilizaji 1,000 katika miezi 12, na wanaoumizwa zaidi ni hawa wanaofanya kazi peke yao. Kwenye Bandcamp, jukwaa ambako wasanii huuza muziki moja kwa moja kwa wasikilizaji na ambalo hukata asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali, ununuzi wa albamu moja una maana kwao.

Lakini heshima tunayowadai wengine tuitoe na sisi. Clyde Stubblefield ndiye aliyepiga ngoma katika "Funky Drummer" ya mwimbaji wa fanki James Brown, iliyorekodiwa mwaka 1969, na mapigo yake yale, pamoja na yale madogo ya chinichini yanayosikika kati ya mapigo makubwa, yamekatwa na kutumiwa upya katika nyimbo nyingi mno. Hakuandikwa miongoni mwa watunzi, na alifariki mwaka 2017 bila kupata malipo ya haki kwa mchango huo. Mtayarishaji wa leo anayekata ngoma ya mtu kutoka kwenye santuri na aandike jina la aliyeipiga kwenye maelezo ya albamu yake, hata pale sheria isipomlazimisha, na ikiwa anazo njia za kumpata yeye au familia yake, amlipe.