Sori ya pole au sori ya samahani?

Fundi wangu kaniharibia kitenge. Tena si cha kushindia nyumbani, ni sare ya harusi ya mdogo wangu, Jumamosi hii, na duka limeishiwa ile rangi. Mikono niliyotaka ifike kwenye viwiko imeishia karibu na kwapa. "Sori sana, dada," akasema, akaendelea kukanyaga cherehani.

Nikamuuliza: sori ipi? Ya pole au ya samahani? Akacheka.

Sikuwa natania. Kama ni pole, nishapoa. Lakini pole hiyo angenipa hata muuza mihogo wa pale nje. Mkasi alikuwa ameushika nani?

Kwetu haya ni maneno mawili, na mtoto wa chekechea hayachanganyi. Pole tunaigawa bure: pole na kazi, pole na foleni, pole kwa msiba. Anayeitoa hana kosa lolote. Samahani ni ombi. Aliyeisema anabaki amesimama mlangoni mpaka wewe umfungulie, na unaweza usimfungulie. (Haya, najua, samahani tunaitumia pia kuulizia saa na kupenya kwenye daladala. Mnanielewa lakini.)

Waingereza wametia vyote kwenye kapu moja. Sorry imetokana na sarig ya Kiingereza cha kale, nayo sarig imetoka kwenye sar, yaani maumivu, kidonda. Ndugu yake ni sore. Wengi hudhani ni mtoto wa sorrow, huzuni. Wamefanana sura tu, sorrow ana ukoo wake. Kwa hiyo tangu linazaliwa neno hili linamsema msemaji mwenyewe: mimi nimeumia. Nani kakosa, halisemi. Kazi ya kuomba radhi lilikuja kupewa baadaye, kama kibarua asiye na mkataba. Lina na maana ya kitu duni, cha kutia huruma. Kama mikono ya gauni langu.

Niliwahi kufanya kazi Moshi na Mwingereza mmoja. Akijikwaa au kumwagikiwa chai, ofisi nzima tunaitikia "sorry!" Naye mwezi mzima akawa anatujibu kwa upole kwamba si kosa letu. Tukamwona ana maringo. Kumbe sisi tunampa pole, yeye anasikia tunakiri.

Hilo ni la kuchekesha. Lisilochekesha ni kwamba wakubwa wanalijua pengo hilo vizuri sana. Aprili 2001 ndege ya kijeshi ya Marekani iligongana na ya China, rubani wa China akafa, Wamarekani 24 wakashikiliwa siku 11, mpaka ikaandikwa barua yenye "very sorry" mara mbili. China ikawatangazia watu wake kwamba imeombwa radhi. Washington ikashikilia kwamba haina cha kuombea radhi. Kila mmoja akaondoka na sori yake.

Sasa njoo nyumbani. Juni 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa Mau Mau, jumla pauni milioni 19.9. Bungeni ikasema inasikitishwa kwa dhati kwamba mateso yale yalitokea. Yalitokea! Kama mvua. Na papo hapo ikasisitiza kwamba haibebi dhima. Tarehe 31 Oktoba 2023 Mfalme Charles akaja Nairobi mwenyewe, akazungumzia huzuni kubwa na majuto makubwa, na kwamba yaliyotendwa hayana kisingizio. Neno alilochagua ni sorrow, yule asiye hata ndugu wa sorry. Msamaha hakuomba. Wazee walioteswa wamepewa pole na mjukuu wa nyumba ileile iliyowatesa, na sisi tukapiga makofi kwa sababu Kiingereza chake kitamu.

Kesho yake tu, 1 Novemba, Rais Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea, mji alikonyongwa Chifu Songea Mbano mwaka 1906, akasema ana aibu, na akaomba msamaha kwa waliyotenda Wajerumani wakati wa Majimaji. Akaomba! Kwa neno ambalo mjukuu wa aliyenyongwa angeweza kulijibu "hapana."

Sawa, mtaniambia aliyeomba msamaha hakuja na fidia, na aliyelipa fidia hakuomba msamaha. Ni kweli na inaniudhi. Lakini nikilazimishwa kuchagua maneno, nachagua ya Songea.

Fundi kanipigia jioni. Ataunga mikono kwa kitambaa cheusi, anasema itapendeza, na sori tena, dada. Nimemwambia aunge. Sori yake bado sijaipokea.