Miaka miwili au kumi na miwili: pesa ni ile ile, ahadi si moja

Likitajwa tu wazo la kipato cha msingi kwa wote, yaani kila mtu mzima apewe kiasi cha pesa kila mwezi bila sharti, awe nacho au hana, jibu la kwanza huwa moja: watu wataacha kazi na pesa itaishia kwenye pombe. Jibu hilo linaniuma, maana jaribio kubwa kabisa la jambo hili limefanyika hapa hapa Kenya, na wanavijiji wa Siaya na Bomet hawakufanya hivyo.

GiveDirectly, shirika la misaada linalowapa maskini pesa taslimu, lilianza na kijiji kimoja mwaka 2016, kisha likapanua. Kila mtu mzima katika vijiji vilivyochaguliwa alitumiwa kwa simu dola 0.75 kwa siku, wakati ule kama shilingi 2,250 kwa mwezi. Vijiji 44 viliahidiwa miaka 12, vijiji 80 miaka miwili, na vijiji 71 vikapewa karibu dola 500 kwa mkupuo. Vingine 100 havikupewa kitu, viwe vya kulinganishia.

Matokeo ya miaka miwili ya kwanza yalitolewa 2023 na watafiti wakiwemo Abhijit Banerjee na Tavneet Suri. Ulevi haukuongezeka, wala watu hawakupunguza kazi. Walichofanya ni kuacha kibarua na kujiajiri. Aliyekulia kijijini anajua uzito wa jambo hilo. Mvua ya kwanza ikinyesha, asiye na unga ndani huchukua jembe akalime shamba la mwenzake apate cha jioni. Lake linangoja. Akija kulipanda, mvua imekwenda, mavuno ni kidogo, na mwaka unaofuata yuko pale pale kwenye shamba la mtu. Huyo amekuwa akifanya kazi siku zote. Alichokosa ni wiki mbili za kula bila kwenda kibarua.

Lakini kinachonirudia kichwani ni kingine. Wakati wa utafiti ule, wa miaka miwili na wa miaka 12 walikuwa wamepokea kiasi kile kile. Tofauti yao ilikuwa ahadi peke yake. Na bado wa miaka 12 ndio walioanzisha biashara kwa wingi, wakikaribiana na waliopewa mkupuo, huku wa miaka miwili wakibaki nyuma. Waliwezaje? Kwa chama. Walichanga ile pesa ya mwezi na kupeana kwa zamu, wakajitengenezea mkupuo wao wenyewe.

Mama yangu mdogo ni mweka hazina wa chama cha wanawake kumi. Daftari lake limefungwa kalamu kwa uzi, na kila jina lina mstari. Kumi wakitoa elfu mbili mbili, mmoja anaondoka na elfu 20, za cherehani au mabati. Ila hamkubali mwanachama asiyejua pesa ya mwezi wa nane itatoka wapi, kwa sababu akishapokea zamu yake na kukwama, wenzake wameumia. Mwenye uhakika wa miaka 12 anakubalika kwenye daftari lile. Wa miaka miwili anahesabiwa miezi.

Wanaopinga wana hoja nzito moja, nayo ni ya hesabu. Pesa ya Siaya ilitoka kwa wafadhili. Tukihesabu watu wazima milioni 25 tu nchini, shilingi 2,250 kwa mwezi ni bilioni 675 kwa mwaka. Mswada wa Fedha wa 2024 ulitafuta bilioni 346 hivi kwa kodi, vijana wakajaa barabarani hadi ukaondolewa. Nani atabeba karibu mara mbili yake? Hoja kwamba pesa hizo zitapandisha bei ya bidhaa ni nyepesi zaidi: katika utafiti mwingine wa Siaya, kaya zaidi ya 10,500 zilipewa karibu dola 1,000 kila moja, bei zikapanda kwa wastani wa asilimia 0.1 tu. Ni kweli pia kwamba shilingi 2,250 hazimpi ajira kijana mwenye shahada anayezunguka na bahasha mjini.

Kwa hiyo sidai kila Mkenya aanze kulipwa kesho. Nadai tuanze na kile tulichonacho. Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wasiojiweza, inamlipa mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi, lakini mara nyingi pesa huchelewa, kisha malimbikizo yakaja kwa pamoja. Mzee huyo anakopa dukani bila kujua atalipa lini. Tarehe ya malipo iwekwe kwenye sheria, ilindwe kama mshahara wa mtumishi wa umma. Hilo halihitaji bilioni 675, na mama yangu mdogo angeweza kumwandika kwenye daftari.